Moyo umetanuka, EF ni 32%: je, mama ataziacha lini dawa?

"Shikamoo daktari. Mama yangu ana umri wa miaka 58, tuko Tanga. Presha aliambiwa anayo miaka 12 iliyopita, ila dawa alikuwa anameza kichwa kikimuuma tu. Miezi mitatu iliyopita alilazwa: miguu imevimba mpaka mapajani, hawezi kulala chali, pumzi zinakata. Wakamtoa maji, akapigwa eko, majibu yakasema moyo umetanuka na EF ni 32%. Akarudi nyumbani na Lasix 40 asubuhi, spironolaktoni 25 mara moja kwa siku, enalaprili 5 kutwa mara mbili na kavediloli 6.25 kutwa mara mbili. Sasa hajambo, miguu imenywea. Lakini Lasix anairuka siku za safari na shughuli, kavediloli anasema inamlegeza, na usiku ana kikohozi kikavu. Magoti yakimsumbua anameza diklofenaki. Jirani anasema moyo uliobaki asilimia 32 hauna muda, bora anywe maji mengi na madafu asafishe figo, aongeze na unga wa dawa za asili. Je, atapona? Ataziacha lini dawa? Na Ramadhani afunge?"

Marahaba. Umeuliza mengi kwa pamoja na yote nitayafikia, ila naanza na hiyo EF, maana naona jirani amewatia hofu isiyo na msingi.

EF si kipimo cha uhai uliobaki. Kila moyo unapopiga, chemba ya chini ya kushoto husukuma nje sehemu tu ya damu iliyomo, haimwagi yote. Sehemu hiyo, ikihesabiwa kwa asilimia, ndiyo EF, na kwa mtu mzima mwenye afya ni kati ya asilimia 55 na 70 hivi. Mwenye 100 hayupo. Kwa hiyo 32 ya mama ipimwe dhidi ya 60: moyo wake unakamua kwa kama nusu ya nguvu ya kawaida. Ni ugonjwa mzito, sitaki kuupunguza, lakini si hukumu ya kifo. Jambo jingine, eko, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, husomwa kwa macho na mkono wa mtu, na wapimaji wawili wanaweza kupishana kwa pointi tano au zaidi kwa mgonjwa yuleyule. Siku moja mkiambiwa 35 na nyingine 31, msishangilie wala msilie.

Sasa neno "umetanuka". Chemba ya kawaida ikijaa mililita 110 na kusukuma asilimia 60, inatoa 66. Chemba iliyotanuka ikijaa mililita 200 na kusukuma asilimia 32, inatoa 64. Unaona? Moyo dhaifu unajitanua ili kila pigo litoe damu ileile, na ndiyo maana mama akikaa kitako anajiona mzima kabisa. Gharama yake ni kwamba akiba imekwisha. Akipanda ngazi au akibeba ndoo, hakuna cha kuongeza. Tena ukuta uliovutwa hivyo kwa muda mrefu unalegea zaidi, kama mpira wa kiunoni mwa suruali ya zamani, na huo ulegevu ndio dawa zinajaribu kuuzuia.

Chanzo kwa mama yako karibu kinajieleza chenyewe. Presha kwa kawaida haiumizi kichwa. Mtu anaweza kutembea na 180 kwa 110 kwa miaka akiwa mchangamfu, huku moyo unasukuma dhidi ya ukinzani huo mchana na usiku. Kwanza misuli yake hunenepa, baadaye huchoka na kutanuka. Kusubiri kichwa kiume ndipo umeze dawa ni sawa na kutokunywa dawa. Na hayuko peke yake: utafiti uliotoka mwaka 2012, uliokusanya wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9 za Afrika, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52 tu, na karibu nusu yao chanzo kilikuwa presha. Mishipa ya moyo kuziba, ambayo wengi huifikiria kwanza, haikufikia hata mgonjwa mmoja katika kila kumi. Hata hivyo nisingeridhika na presha peke yake kabla ya kuona kwamba amepimwa pia kisukari, wingi wa damu, tezi ya shingo na virusi vya UKIMWI, kwa sababu kila kimojawapo kinaweza kuudhoofisha moyo au kumzidishia mgonjwa hali, na kila kimoja kina tiba yake.

Tukielewa kwa nini miguu ilivimba, suala la dawa litakuwa jepesi. Figo hazijui kwamba mgonjwa ni moyo. Zenyewe zinaona damu inayofika imepungua, zinachukulia kwamba mwili umekaukiwa, basi zinatoa homoni za kubana mishipa na kuzuia chumvi isitoke. Chumvi ikibaki, maji yanabaki nayo. Maji hayo yanaongeza kilo, yanashuka miguuni mchana, na usiku mgonjwa akilala chali yanapanda mapafuni. Ndiyo sababu mama hakuweza kulala chali. Wakati huohuo mwili unamwaga adrenalini ili moyo upige mbio. Kwa siku mbili tatu msaada huo ungefaa. Ukiendelea miezi, ndio unaoumaliza moyo.

Dawa za mama zimegawanyika makundi mawili, na hapo ndipo familia nyingi zinapokosea. Lasix, yaani furosemidi, inatoa maji yaliyokwisha kujaa. Inaleta nafuu ya haraka inayoonekana, lakini haiutibu moyo wenyewe. Enalaprili, spironolaktoni na kavediloli hazionyeshi kitu kwa macho, na ndizo zinazokata zile homoni na adrenalini, ndizo zinazorefusha maisha, ndizo zinazoweza kuurudisha moyo kwenye umbo lake. Mgonjwa akiacha hizi tatu kwa sababu "miguu imeisha", ameacha tiba akabaki na mfereji wa kutolea maji.

Vilevile dozi alizoanza nazo bado ni za chini. Kavediloli 6.25 hupandishwa hadi 12.5, kisha 25 kutwa mara mbili, kila hatua ikipishana wiki mbili au zaidi, ilimradi hana maji mwilini, mapigo hayashuki chini ya 50 kwa dakika na hapati kizunguzungu akisimama. Enalaprili inalengwa 10 hadi 20 kutwa mara mbili. Naona wagonjwa wengi wakiachwa miaka kwenye dozi ya mwanzo kwa kuwa "yuko vizuri". Mama akienda kliniki, ulizeni waziwazi: dozi inapanda lini? Ulizeni pia kuhusu dapagliflozini miligramu 10. Ilianza kama dawa ya kisukari, ikagundulika inasaidia moyo dhaifu hata kwa asiye na kisukari. Si kila duka la dawa linayo na si kila bima inailipia, na kama haipatikani hizo tatu zikipandishwa ipasavyo zinafanya kazi kubwa.

Kulegea kunakotokana na kavediloli ni kweli, si uvivu. Moyo uliozoea kuchapwa na adrenalini umepunguziwa kasi ghafla. Kwa kawaida uchovu huo hupungua ndani ya wiki mbili hadi nne baada ya kuanza au kuongeza dozi. Ameze pamoja na chakula, maana tumbo tupu linaifanya iingie kwa kasi na kumpa kizunguzungu, na akiamka kitandani akae ukingoni dakika moja kabla ya kusimama. Asiikate ghafla kwa hali yoyote, kwani mapigo yanaweza kuruka juu na hali ikarudi kuwa mbaya kuliko mwanzo. Kama ana pumu na hakuwahi kuwaambia hospitalini, semeni sasa.

Lasix haina haja ya kurukwa, inahamishika. Huanza kufanya kazi ndani ya saa moja na nguvu yake huisha baada ya saa sita hivi. Siku ya basi la Dar, asafiri kwanza, ameze akifika, ilimradi isipite saa kumi alasiri, la sivyo atakesha chooni. Siku ya harusi ya jioni ameze alfajiri na mapema, adhuhuri atakuwa ameshamaliza. Anayeiruka mara mbili kwa wiki anajirudishia maji kidogokidogo bila kujua.

Kikohozi kinahitaji upelelezi kidogo, kwa sababu kina maelezo mawili yanayopingana. Enalaprili huwakera baadhi ya watu koo, na kikohozi chake ni kikavu, cha kuwasha, kinakuja muda wowote, amelala au amekaa. Kikohozi cha maji mapafuni huja akishalala na kutulia akikaa wima, na mara nyingi kilo zimepanda. Mwangalieni usiku mbili tatu. Kikiwa cha aina ya kwanza, asiache enalaprili bila mbadala. Aonane na daktari abadilishiwe losartani au ndugu zake, zinazoziba njia hiyohiyo ya homoni bila kuwasha koo. Kikohozi huchukua wiki moja hadi nne kuisha, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo msikate tamaa siku ya tatu. Kikiwa cha aina ya pili, ni dalili kwamba maji yanarudi na hapo hatusubiri tarehe ya kliniki. Na lolote liwalo, midomo, ulimi au uso vikivimba ghafla kwa mtu anayetumia enalaprili, dawa hiyo isiingie tena kinywani na mwende hospitali saa hiyohiyo.

Diklofenaki ndiyo inayonitia wasiwasi kuliko vyote ulivyotaja. Hii, pamoja na ibuprofeni na nyinginezo za ukoo huo, inazifanya figo kushikilia chumvi na inabana mishipa ya kuingiza damu kwenye figo. Ukiiweka juu ya Lasix na enalaprili, figo zinabanwa pande tatu kwa mpigo. Kuna wagonjwa wanaorudi wodini wamevimba wakati dawa za moyo hawajaruka hata siku moja, kumbe ni sindano au vidonge vya magoti walivyonunua dukani. Atumie parasetamoli, vidonge viwili vya miligramu 500, si zaidi ya mara tatu kwa siku, vile vya kumeza vya kawaida. Vinavyochemka kwenye glasi vina sodiamu nyingi. Kila anapokwenda duka la dawa aseme kwanza: "Mimi mgonjwa wa moyo, nipo kwenye Lasix."

Maji mengi hayasafishi figo za mtu ambaye figo zake zinazuia maji. Hata hivyo sipendi pia kuona mgonjwa anakaushwa kwenye joto la Tanga. Kwa mtu aliyetulia, kunywa kulingana na kiu kunatosha, na kama daktari amempangia kikomo, mara nyingi ni lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, mkihesabu chai, uji na supu humohumo. Madafu ni jambo tofauti. Nusu lita ya maji ya dafu inaweza kubeba karibu gramu moja ya potasiamu. Enalaprili na spironolaktoni zote mbili huzuia potasiamu isitoke, na ikizidi kwenye damu inaweza kusimamisha moyo bila onyo lolote la maana. Dafu moja siku ya Eid kwa mtu mwenye vipimo vizuri si tatizo; madafu kila siku kama tiba, hapana. Na ile chumvi mbadala inayouzwa kuwa "salama kwa presha" mara nyingi ina potasiamu nyingi, msiinunue.

Kwa sababu hiyohiyo, potasiamu na kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha kazi ya figo, zipimwe wiki moja hadi mbili baada ya dozi ya enalaprili au spironolaktoni kuanza au kupandishwa, halafu kila baada ya miezi michache. Kama tangu atoke wodini hajapimwa, hilo ni la wiki hii.

Chumvi yenyewe, lengo ni chini ya gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, kwa vyakula vyote. Wengi wananiambia hawaongezi chumvi mezani, na ni kweli, imeshaingia jikoni. Angalieni vidonge vya supu na unga wa mchuzi, papa na ng'onda waliokaushwa kwa chumvi, achari, chipsi za barabarani. Magadi ya kulainishia maharage na kisamvu ni sodiamu vilevile, ijapokuwa ulimi hauyaiti chumvi. Lowekeni maharage usiku kucha badala yake. Ndimu, tangawizi, pilipili, kitunguu saumu na bizari vinaweza kubeba mchuzi, na ndani ya wiki chache ulimi unazoea. Kitunguu saumu kama kiungo hakina neno. Unga wa dawa za asili usiojulikana ndani kuna nini ni habari nyingine: baadhi unakojoza, baadhi unashusha presha, baadhi unaumiza figo, na hakuna anayeweza kukwambia utagonganaje na vidonge vinne anavyomeza.

Kitu kimoja ningependa mkinunue kabla ya chochote, ni mizani ya kupimia uzito. Mama apime kila asubuhi akishatoka chooni, kabla ya kula, akiwa na kanga ileile, mizani ikiwa kwenye sakafu ngumu wala si juu ya mkeka. Aandike namba na tarehe kwenye daftari. Maji huonekana kwenye mizani siku kadhaa kabla miguu haijavimba. Kilo zikipanda zaidi ya mbili ndani ya siku tatu, hajanenepa, amejaa maji. Pigeni simu kliniki au mwende siku hiyo. Madaktari wengine humpa mgonjwa ruhusa ya kuongeza kidonge cha Lasix siku kama hiyo. Mwombeni daktari aandike maelekezo hayo kwenye kadi, msijipangie. Pia bonyeza kwa kidole gumba juu ya mfupa wa muundi, hesabu hadi kumi, uachie. Shimo likibaki, kuna maji. Ila kama presha yake anatibiwa pia kwa amlodipini, fahamuni kwamba dawa hiyo peke yake huvimbisha vifundo vya miguu bila kilo kupanda sana.

Kutembea kunafaa. Aanze dakika kumi mahali tambarare asubuhi kukiwa na ubaridi, kwa mwendo ambao bado anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi, na aongeze dakika chache kila wiki.

Je, atapona? Kwa baadhi ya watu ambao chanzo ni presha, dozi zikifika juu na presha ikakaa chini ya 130 kwa 80, EF hupanda vizuri ndani ya miezi mitatu hadi sita, wachache hata hufika 50. Wengine hupanda kidogo tu lakini wanaishi miaka mingi wakifanya kazi zao. Siwezi kukwambia mama yako ataangukia kundi gani. Kuhusu kuziacha dawa, hapo nina jibu. Uingereza walijaribu kwa uangalifu kwa watu 51 waliokuwa na moyo uliotanuka na wakapata nafuu kamili: EF imerudi, dalili hakuna. Matokeo yalitoka mwaka 2018. Waliopunguziwa dawa kwanza walikuwa 25, na ndani ya miezi sita 11 kati yao moyo ulianza kudhoofika tena. Walioendelea na dawa, hata mmoja hakurudiwa. Kwa hiyo nafuu ya mama ni dawa zikifanya kazi, naye atazihitaji maisha yake yote. Kinachoweza kupungua ni Lasix. Maji yakikaa mbali kwa muda, daktari huishusha au kuiondoa kabisa, na hilo linaweza kumfurahisha mama kuliko habari nyingine zote hapa.

Ramadhani: kwa mtu aliyelazwa miezi mitatu iliyopita, EF 32%, dozi bado zinapandishwa, jibu langu ni asifunge mwaka huu. Kukaa saa 13 bila maji juu ya Lasix na enalaprili kunaweza kushusha presha na kuzibana figo, kisha futari yenye chumvi na vinywaji vingi kwa mkupuo ikamjaza maji usiku. Mgonjwa ameruhusiwa, na suala la fidia au kulipa baadaye mtaliuliza kwa shehe wenu. Akitulia, vipimo vikawa vizuri na dozi zikasimama, tunaweza kulizungumza upya mwaka ujao: dawa za mara mbili huhamia futari na daku, Lasix huhamia baada ya futari, na mizani haikosi hata siku moja.

Akipata homa yenye kutapika au kuharisha, asiendelee kumeza Lasix, spironolaktoni na enalaprili kama kawaida huku mwili unakauka. Wasilianeni na kliniki siku hiyohiyo, mara nyingi zinasimamishwa siku moja au mbili. Na kuna hali ambazo hazisubiri simu: pumzi kukata akiwa amekaa tu, makohozi yenye povu la rangi ya waridi, kuzimia, maumivu ya kifua yasiyoisha, mapigo yanayokwenda ovyo akiwa na kizunguzungu, au mkono na mguu wa upande mmoja kufa ganzi au uso kupinda. Mkalisheni wima, miguu ikining'inia, msimlaze chali ndani ya gari, na mwende hospitali iliyo karibu yenye oksijeni hata kama si ile anayotibiwa.

Kliniki ijayo mpelekeni na daftari la kilo, boksi zote za dawa pamoja na hiyo diklofenaki, na karatasi ya eko. Miezi mitatu baada ya dozi kufika juu, ombeni eko irudiwe. EF ikibaki 35 au chini licha ya hayo yote, ombeni rufaa ya Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, waangalie ECG yake, yaani mchoro wa umeme wa moyo, na kujadiliana nanyi kama kuna kifaa cha kurekebisha au kulinda mapigo kitakachomfaa.